Tamko: Mgonjwa Aijue Namba Yake

Sisi wanachama wa chama cha waliopandikizwa mapafu, pamoja na jamaa zetu, tunatoa tamko hili kwa hospitali zinazofanya upasuaji huo na kwa wagonjwa wenzetu.

Mwaka 1963, huko Jackson, Mississippi, Dkt. James Hardy alimpandikiza binadamu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliishi siku 18. Aliyepandikizwa Toronto mwaka 1983 aliishi zaidi ya miaka 6. Siku hizi wengi wetu tunatoka chumba cha upasuaji salama. Kinachotutisha huja baadaye. Ndani ya miaka 5, karibu nusu ya waliopandikizwa hupatwa na ukataaji sugu, yaani mwili kuyakataa mapafu hayo polepole, pumzi ikapungua na isirudi tena.

Dalili za kuibashiri hatari hiyo zipo. Madaktari hutazama mapafu yalivyofanya kazi katika saa 72 za mwanzo, kingamwili zinazozuka dhidi ya tishu za mtoaji, na tindikali ya tumbo inayopanda hadi njia ya hewa. Hayo yote huandikwa kwenye faili. Tunadai yamfikie mwenye mapafu.

Hasa vipimo vya spiromita, kifaa cha kupuliza kinachopima hewa itokayo mapafuni. Wastani wa vipimo viwili bora baada ya upasuaji, vilivyopishana angalau wiki 3, ndiyo namba ya msingi ya mgonjwa. Hewa anayoipuliza katika sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 20 na kubaki huko, ukataaji sugu hushukiwa, na mara nyingi kilichopotea hakirudi. Kungoja kufika hapo ni kuchelewa. Ikishuka kwa asilimia 10 mgonjwa apige simu siku hiyohiyo, hata kama hakohoi, na apokelewe na mtu mwenye mamlaka ya kumwita aje.

Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kisitumiwe kumnyamazisha mgonjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa Weusi kifaa hicho hukosa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Mwanachama wetu mwenye ngozi nyeusi akisema pumzi haimtoshi, apimwe damu ya mshipa wa ateri.

Tunataka kila mgonjwa aende nyumbani na spiromita, na namba yake ya msingi, mara ipatikanapo, aandikiwe kwa lugha anayoielewa.

Nawe ndugu yetu uliyepandikizwa, kama huijui namba yako, iulize kliniki ijayo.