Chupa za Kale za Mvinyo: Zivunjwe au Ziwekwe?

Barua imetufikia kutoka kwa mzee mmoja wa hapa Mpanda. Mwanawe, kijana wa miaka 17, ameingia katika desturi ya kukusanya chupa kongwe za udongo, zile nene za rangi ya kahawia zilizoletwa na Wazungu zamani. Anazo nne, amezipanga juu ya sanduku chumbani mwake. Mzee amesikia kwamba zilikuwa chupa za mvinyo, akaamuru zivunjwe. Kijana akakataa, na sasa ni wiki ya tatu hawasemezani. Atuuliza, je, sheria iko upande wake?

Kwanza na tuijue chupa yenyewe. Udongo wake si kama wa vyungu vyetu. Huchomwa kwa moto wa kadiri ya digrii 1,200 mpaka ukakaribia kuwa jiwe, na moto ukiisha kukolea mafundi wa Ujerumani walikuwa wakitupa chumvi ndani ya tanuu. Mvuke wa chumvi huungana na mchanga uliomo katika udongo, ukafanya ngozi ya kioo yenye vishimo vidogo mfano wa ganda la chungwa. Ndiyo sababu chupa hii haivuji wala hainywi kilichotiwa ndani, na ndiyo sababu yaweza kukaa ardhini miaka mia na zaidi ikatoka nzima.

Wala si kila chupa ya namna hii ilikuwa ya mvinyo. Hapa wengi hukosea. Tazameni muhuri uliogongwa karibu na bega. Ukisomeka SELTERS na NASSAU, ile ilikuwa chupa ya maji, maji ya chemchemi ya Selters huko Ujerumani, yaliyouzwa nchi nyingi katika chupa hizi hizi zenye kishikio kidogo shingoni. Ukisomeka AMSTERDAM pamoja na jina la Lucas Bols au Wynand Fockink, hiyo ni ya jenever, mvinyo mkali wa Kiholanzi. Na zile fupi za rangi mbili, juu kahawia na chini nyeupe, zenye maandishi ya Kiingereza, aghalabu ni za kinywaji cha tangawizi. Mzee wetu hakutueleza kama aliisoma mihuri kabla ya kutoa amri. Twadhani hakuisoma.

Zilifikaje bara huku? Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kikakabidhiwa mapadri wa White Fathers. Kisha Wajerumani wakatawala mpaka 1916. Mizigo ya Wazungu hao ilipanda kutoka pwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Na mwaka 1890 mataifa yalitia saini mkataba huko Brussels kuzuia mvinyo mkali usiingizwe katika sehemu za Afrika ambazo watu wake, kwa ajili ya dini au sababu nyingine, hawakuwa na mazoea nao. Lakini mkataba ule ule uliacha mlango kwa wageni wajiletee kiasi cha kunywa wao wenyewe! Basi yaelekea nyingi katika chupa za mvinyo zinazookotwa huku zilimalizwa na wenye kuzileta.

Tuje kwenye dini. Wajumbe wa Abdul Qays walipomjia Mtume (S.A.W.), aliwakataza wasitengeneze vinywaji vyao katika vyombo vinne, na kimoja kilikuwa hantam, mtungi wa udongo uliopakwa rangi ya kijani. Maulamaa walieleza sababu: kiriba cha ngozi hufura na kupasuka kinywaji kikichacha, lakini mtungi mnene huficha, na mtu akanywa kilevi bila kujua. Baadaye Mtume (S.A.W.) aliliondoa katazo hilo, akaruhusu vyombo vyote maadamu hapanywewi kilevi ndani yake. Na Abu Tha'laba alipomwuliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu wanavyonywea mvinyo, aliambiwa asipopata vingine avioshe kwa maji, kisha avitumie. Pengine mzee atataja kisa cha Anas, aliyeamriwa na Abu Talha avunje mitungi siku mvinyo ulipoharimishwa. Ni kisa sahihi, lakini mitungi ile ilikuwa na mvinyo ndani. Chupa za kijana huyu ni tupu tangu kabla babu yake hajazaliwa.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba hapana sheria inayolazimisha zivunjwe. Zioshwe vizuri, basi. Hata hivyo nyumba ni ya mzee, na mtoto hana ruhusa ya kumwinulia baba yake sauti kwa ajili ya udongo, hata kama ni udongo wa Nassau. Zile zenye jina la mwenye kuuza mvinyo zisipangwe barazani kama pambo. Ziwekwe kabatini, zitolewe anapokuja mtu wa kusomeshwa khabari zake. Na hilo la wiki tatu ndilo lililotusikitisha kuliko chupa zote. Muislamu hakuhalalishiwa kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Seuze baba na mwana wanaokula sahani moja? Mzee asingoje kijana aanze, na kijana asingoje mzee.

Lipo jambo moja ambalo mzee hakuliuliza, nasi twaliogopa zaidi. Vijana wakisikia kwamba Ulaya wako watu wanaonunua chupa hizi, watachukua majembe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na yakataza kuvichimba bila kibali. Na mchimbaji hawezi kujua kabla jembe halijagonga ni mwaka gani ulio chini yake. Chupa iliyofichuliwa na mvua njiani, au iliyotoka shambani wakati wa kulima, ni jambo jingine. Lakini asichimbe mtu penye magofu, wala karibu na makaburi, yawe ya Waislamu au ya wasiokuwa Waislamu. Na mwenye shaka aende kwanza akaulize katika ofisi za halmashauri.