Mtihani Usiwe Fumbo
Mtihani wa Kidato cha Nne hutungwa nyumbani na Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, wala hautoki tena Cambridge. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa Mgeta na Matombo ungali fumbo. Muundo wake si siri: Baraza huutangaza, likieleza sehemu za karatasi, idadi ya maswali, alama na muda. Asiyeujua huweza kupoteza saa nzima kwa swali la alama chache, akaiacha insha yenye alama nyingi. Huo si upungufu wa akili, bali wa habari. Basi, ndugu walimu na wazazi, muundo huo na upandishwe mlimani mapema, ili mtoto wa Uluguru apimwe kwa elimu yake, si kwa umbali wa kijiji chake.