Medali Huanzia Kiwanjani

Kwenye luge, kijana hulala chali juu ya sleji ndogo, miguu mbele, akateremka mfereji wa barafu kwa kasi ipitayo kilomita 100 kwa saa. Tangu ubingwa wa dunia wa vijana uanze mwaka 1982, Wajerumani ndio wavunaji wakubwa wa medali.

Siri yao haiko kwenye damu. Ujerumani ilijenga njia nne za barafu ya mitambo: Königssee, Oberhof, Winterberg na Altenberg. Nchi nyingi hazina hata moja.

Korea Kusini ilifanya la maana zaidi. Njia ya Pyeongchang, iliyojengwa kwa Olimpiki ya 2018, ilitumiwa kufundisha vijana wa nchi zisizo na michezo hiyo. Januari 2024, kwenye Olimpiki ya vijana ya Gangwon, Jonathan Lourimi wa Tunisia alitwaa medali ya fedha ya bobsledi ya mtu mmoja, kwenye njia hiyo hiyo.

Basi ndugu zangu, kabla hatujauliza mbona vijana wetu wa Pwani hawashindi, tuulize: kiwanja kiko wapi, na mlango wake uko wazi kwa nani? Kipaji bila pa kujifunzia ni jahazi lililokwama mchangani.