Darsa za mtandaoni na amana ya maneno

 

Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, misikiti ilifungwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, na waumini wengi wakaingia Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria bila ya kuketi mbele ya sheikh wao. Darsa zikahamia kwenye simu na kompyuta. Misikiti ilipofunguliwa, darsa hizo hazikuondoka, na kheri yake ni kubwa: mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa na kijana aliye masomoni ng'ambo wote husikiliza. Asiyewahi kikao hutumiwa rekodi yake baadaye. Ni rekodi hiyo tunayotaka kuizungumzia, kwani kikao huisha kwa saa moja, lakini rekodi hubaki ikizunguka miaka.

Wazee wetu walikuwa na kanda za kaseti. Kanda ya dakika 60 ilibeba nusu saa kila upande, ikapita mkono kwa mkono, na aliyetaka kusikia fungu moja hakuwa na budi kusikiliza na yaliyolitangulia. Leo hukatwa sekunde thelathini tu, zikatupwa katika makundi ya simu bila jina la sheikh, tarehe wala kitabu kilichokuwa kikisomwa. Umma uliojifunza kuuliza isnadi ya kila hadithi hauna udhuru katika hili. Jina la msomeshaji, siku, mahali na somo yaandikwe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu jina la faili hubadilishwa na yeyote.

Kisha kuna haki za waliohudhuria. Programu za mikutano huonyesha alama kwamba kikao kinarekodiwa, lakini bibi aliyejiunga kwa simu ya mwanawe huenda asiitambue. Mwenyeji wa kikao atamke mapema kwamba kinarekodiwa. Ukifika wakati wa maswali, rai yetu ni kwamba rekodi isimamishwe. Dada anayeuliza habari za eda au za mume asiyetoa matumizi amemfungulia sheikh siri ya nyumba yake, hakuifungulia dunia. Sheikh anaweza kulieleza swali upya bila jina wala dalili ya mwenyewe, rekodi ikiwa imewashwa tena, na elimu isipotee. Sura ya al-Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana, nasi hatuoni kuwa kuisambaza sauti ya muulizaji bila ridhaa yake kuko mbali na hayo.

Liko jambo ambalo misikiti yetu mingi haijalifikiria kabisa, nalo ni maandishi yanayopita chini ya picha. Miongozo ya kimataifa ya mitandao iliyotolewa mwaka 2008 iliyaweka maandishi ya video zilizorekodiwa katika daraja la kwanza la masharti yake, kwa ajili ya viziwi. Sisi tuna sura, Abasa, ambayo mwanzo wake uliteremshwa kwa sababu ya sahaba kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume akitaka kufunzwa. Kiziwi wa mtaani kwetu anayetaka kuijua dini yake amwendee nani?

Mashine sasa huandika zenyewe yanayosemwa, na hapo ndipo penye hatari. Sheikh huchanganya Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja, na mashine hukisia. Katika lugha yetu hukumu nzima huweza kusimama juu ya silabi moja: "si haramu" na "ni haramu", "atatoa zaka" na "hatatoa zaka". Anayesikia ataligundua kosa. Kiziwi, ambaye maandishi yamewekwa kwa ajili yake, ataondoka na fatwa iliyopinduliwa.

Kwa hiyo maandishi ya mashine yasitoke kabla ya kuhakikiwa na mtu. Faili lake ni maandishi ya kawaida yenye nyakati pembeni, na kijana yeyote anayejua kuchapa aweza kulirekebisha. Aya isiandikwe kwa kusikia. Inakiliwe kutoka katika msahafu, pamoja na jina la sura na nambari ya aya, na ikifasiriwa itajwe tafsiri ni ya nani, kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Mahali penye hukumu, sheikh mwenyewe apasome.

Tusisahau mfuko wa msikilizaji. Video ya saa moja, ikienda kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, hula megabaiti 450 hivi za kifurushi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32, hula 14 au 15. Maandishi hayafiki hata moja. Zitumwe zote tatu, kila nyumba ichague.

Kazi hii huchukua saa nyingi kwa darsa moja, na mara nyingi huachiwa kijana mmoja afanye usiku, kwa kifurushi chake mwenyewe, kisha alaumiwe kwa kuchelewa. Kamati zinazomlipa fundi wa vipaza sauti zimlipe na huyu.