Kibati cha Fundi wa Ogwedhi

Majuzi nilikuwa sokoni Ogwedhi, kule Migori, nikingoja matatu kando ya kibanda cha fundi wa redio. Mwanafunzi mmoja alileta amplifaya ambayo babake huikodisha kwenye harusi na matanga. Ndiyo inayomlipia karo, na sasa ilikuwa imenyamaza.

Fundi aliifungua, akanusa. "Nyathina, transista zimeungua. Nani aliondoa kibati cha kupoza?"

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akauliza swali zuri: "Kwani fundi, haiwezekani kutengeneza transista isiyokwamisha joto ndani?"

Wanasayansi wamelihangaikia swali hilo miaka mingi. Transista nyingi ni za silikoni. Joto hupita ndani ya fuwele yake kama mtetemo, kila atomu ikimsukuma jirani, mfano wa vijana waliojipanga mstari wakipokezana matofali. Wakilingana, kazi huenda mbio. Akiingia mzito mmoja, mwendo huvurugika. Silikoni ya kawaida ina wazito hao: kati ya atomu 100, kama 92 zina uzito wa 28, karibu 5 zina 29 na 3 zina 30. Ndugu hawa wanaotofautiana uzito tu huitwa isotopu.

Je, tukiwachambua kama mchele, tukabakiza wa uzito mmoja? Mwaka 1958, Geballe na Hull wa Marekani walijaribu kwa germaniamu, iliyotumiwa katika transista za zamani. Katika baridi ya nyuzi 253 chini ya sufuri, joto lilipita takriban mara tatu. Mwaka 1990, almasi iliyochambuliwa hivyo ilipitisha joto kwa asilimia 50 zaidi, bila baridi yoyote.

Na silikoni? Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba faida ni asilimia 60. Vipimo viliporudiwa kwa makini, ikapatikana kama 10 tu. Katika halijoto ya kawaida mitetemo yenyewe hugongana ovyo, hata hao wazito wachache hawaleti tofauti kubwa. Faida ya mara kumi hupatikana kwenye baridi kali tu, na uchambuzi wenyewe ni ghali mno.

Basi jibu ni kwamba yawezekana, lakini haitamlipia kijana karo. Fundi alitia transista mpya, akarudisha kibati, akakaza skrubu. "Hiki usikiguse tena." Amplifaya ikanguruma, soko zima likageuka.

Nanyi nyumbani, kiondoeni kile kitambaa cha maua juu ya redio. Nayo inataka kupumua.