Kusuluhisha Nchi, Binti Akiugua Kimya



Miongoni mwa tamthilia za Denmark zilizovuka mipaka ni Borgen, iliyotayarishwa na DR, shirika la utangazaji la umma la nchi hiyo. Maana ya jina hilo ni ngome, na ndivyo wenyeji wanavyoliita jumba la Christiansborg mjini Copenhagen, lenye Bunge na ofisi ya Waziri Mkuu. Msimu wa pili ulianza kuonyeshwa mwaka 2011, mwaka uleule ambapo Helle Thorning-Schmidt alikuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa nchi hiyo. Katika tamthilia, kiti hicho amekalia Birgitte Nyborg.

Wengi huitazama kwa ajili ya siasa, nayo imo tele. Msimu unaanza na wanajeshi wa Denmark walioko vitani Afghanistan. Baadaye Birgitte anasuluhisha pande mbili za Kharun, nchi ya Kiafrika iliyobuniwa na waandishi. Sisi wa kurasa za familia tuangalie yaliyo nyuma ya mlango wa nyumba yake. Ndoa imevunjika. Binti yake, Laura, anashikwa na hofu kali isiyompa nafasi ya kupumua. Mama ambaye macho yake yanaona ufa wa nchi ya mbali, anachelewa kuona kina cha ufa wa nyumbani.

Laura anapohitaji kulazwa, foleni ya hospitali za umma ni ndefu, na wazazi wanampeleka hospitali binafsi. Wakati huohuo serikali ya mama yake inapunguza manufaa ya matibabu ya binafsi. Waandishi wa habari wanapata habari, wapiga picha wanaizingira hospitali, na mtoto mgonjwa anakuwa hoja ya kisiasa. Mwishowe Birgitte anachukua likizo ya uwaziri mkuu ili awe karibu na mwanawe.

Mjadala unaofuata ni huu: je, mwanamke anaweza kuongoza nchi na kulea? Swali hili lina upungufu. Baba anayetoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala, nani humuuliza? Dini yetu imeufanya ulezi kuwa amana, na amana hiyo ina waulizwa wawili. Riziki ya halali ni wajibu, lakini haimlipi mtoto deni la kusikilizwa.

La pili ni maradhi yenyewe. Katika nyumba zetu nyingi, kijana asiyelala, anayejitenga, aliyeacha chakula na vitabu, huambiwa kuwa imani yake imepungua, au jambo hufichwa kwa kuogopa aibu ya ukoo na kukosa posa. Dua na kisomo ni ngao ya Muislamu, wala hatuviachi. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia kutafuta tiba, na nafsi huugua kama mwili unavyougua. Anayempeleka mtoto hospitali kwa malaria asione haya kumpeleka kwa daktari wa maradhi ya akili.

Tamthilia hii ina mambo yasiyolingana na maadili yetu, hasa katika mahusiano ya wanaume na wanawake, hivyo si ya kuwaachia watoto peke yao. Mzazi atakayeitazama atakuta Birgitte anarudi kazini baada ya binti kupata nafuu, na kulihutubia Bunge. Hotuba ni nzuri. Hata hivyo, kazi yake ngumu zaidi ilikuwa kukaa kitako kando ya mtoto asiyetaka kusema, bila msaidizi wala saa mkononi.

Usiku wa leo, kabla ya kuuliza matokeo ya mtihani, muulize mwanao analalaje. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.

Wabillahi tawfiq.