Dizeli Nyingi, Hewa Haba

Imekuwa desturi katika gereji nyingi za nchi yetu, na za Kigoma na Ujiji zimo, kwamba mwenye gari anapolalamika kuwa gari lake limelegea mlimani, fundi huchukua bisibisi na kuizungusha skrubu moja ndogo iliyo katika pampu ya dizeli. Skrubu hiyo ikizungushwa, pampu hutoa mafuta mengi zaidi kwa kila pigo. Gari hurudi barabarani na nguvu mpya, mwenyewe hufurahi, fundi hupokea ujira wake. Moshi mweusi unaofuata nyuma huchukuliwa kuwa ndiyo dalili ya nguvu hiyo. Mimi naona kuwa moshi huo si dalili ya nguvu hata kidogo: ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha, yakakosa hewa ya kuungulia.

Na tuanze na hesabu, kwani jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la spana. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi, basi yahitaji hewa yenye uzito wa kilo 12 na ushei. Mjini Dar es Salaam, katika usawa wa bahari na joto la nyuzi 30 za sentigredi, hewa hiyo hujaza mita za ujazo 10 na nusu, yaani chumba kidogo kizima kwa ajili ya lita moja tu. Lakini Kigoma si Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama milimita 690 za zebaki badala ya 760. Hewa imekuwa nyepesi, na lita ileile sasa yataka zaidi ya mita za ujazo 11. Tukiondoka ziwani tukapanda nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe, ambazo sehemu zake hufikia mita 1,500, yataka 12. Silinda za gari, hata hivyo, hazikuongezeka ukubwa kwa sababu gari limepanda mlima.

Hapo ndipo kosa la bisibisi linapoonekana wazi. Gari linalegea mlimani kwa sababu hewa imepungua, na sisi tunalitibu kwa kuliongezea mafuta. Tena ile kilo 14.5 ni hesabu ya kwenye karatasi. Ndani ya silinda dizeli na hewa hazipati nafasi ya kuchanganyika sawasawa, kwa kuwa muda wa mwako ni sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa hiyo injini ya dizeli huanza kutoa moshi wa kuonekana hata kabla ya kufikia kiwango hicho, mara nyingi pale ambapo kila kilo ya mafuta inapata chini ya kilo 18 au 20 za hewa.

Wako watakaosema kuwa magari ya siku hizi yana tabo, na kwamba tabo ndiyo dawa ya upungufu wa hewa. Wanasema kweli, ila kwa kiasi. Tabo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, ni kifaa cha werevu mkubwa. Moshi wa moto unaotoka katika silinda, badala ya kupotea bure kwenye ekzosi, huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu jingine, ambalo huishindilia hewa safi ndani ya injini. Katika magari madogo mhimili huo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, nao umeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Nje hewa ikiwa nyepesi, tabo huweza kuongeza mwendo na kufidia sehemu ya upungufu. Lakini mwendo huo una mpaka. Gari lililokwisha kufunguliwa dizeli husukuma moshi mwingi na wa moto zaidi katika tabo, na mlimani tabo hukimbia kupita mpaka wake. Mhimili ukilegea, mapezi hugusa ukuta wa nyumba yake, na oili huanza kuvuja kuingia katika injini.

Inafaa wanafunzi wajue kuwa waundaji wa pampu hizo waliliona jambo hili mapema. Juu ya pampu nyingi za injini zenye tabo kuna kikombe chenye utando wa mpira na springi. Kanieneo ya hewa kutoka kwenye tabo inapopanda, utando husukumwa chini, na hapo tu ndipo pampu huruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Hewa kwanza, mafuta baadaye: kanuni nzima imewekwa ndani ya kikombe kimoja. Ni kifaa hikihiki ambacho mafundi wengine hukikaza, au hukiondolea kazi kabisa, ili gari liondoke upesi. Ningekuwa na uwezo, kila maabara ya fizikia ingekuwa na kikombe hicho kilichokatwa ubavu, kwani somo la kanieneo lililomo humo halipungui lile la barometa.

Habari ya nozeli ni ya namna hiyo pia. Tundu la nozeli ya injekta aghalabu lina kipenyo cha milimita 0.2 au chini ya hapo. Mtu akibadilisha nozeli ya 0.20 kwa ya 0.22 hudhani ameongeza sehemu moja katika kumi. La. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo njia ya mafuta imeongezeka kwa asilimia 21. Mafuta hayo yasipopata hewa, mwako huchelewa na joto la ekzosi hupanda. Pistoni nyingi ni za mchanganyiko wa alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Michanganyiko yake huanza kulainika mapema zaidi. Pistoni huokolewa na oili na maji yanayopoza injini, lakini wokovu huo nao una kipimo chake. Basi lenye abiria likipanda kilima kirefu kwa nusu saa haliwezi kulinganishwa na gari lililojaribiwa dakika tano kwenye tambarare ya karibu na gereji.

Kuhusu magari mapya yanayoongozwa na kompyuta, tusidhani kuwa tumeepuka. Kompyuta hupima hewa, joto na kanieneo kwa vihisio, kisha huamua kiasi cha dizeli. Siku hizi wapo wanaouza visanduku vinavyofungwa kati ya kihisio na kompyuta ili kuidanganya: kanieneo ya mafuta ni kubwa, kisanduku hutangaza kuwa ni ndogo, nayo kompyuta huongeza. Ni bisibisi ileile iliyovaa nguo mpya. Tena injini hizi husukuma dizeli kwa kanieneo inayoweza kupita mara 1,600 ya ile ya angahewa, na sehemu zake zinaachana kwa elfu chache tu za milimita. Tone la maji kutoka katika pipa lililowekwa wazi kando ya ziwa latosha kuziharibu. Kabla ya kuzungumzia injekta kubwa, kwanza tuzungumzie chujio safi na pipa lenye kifuniko.

Kigoma ina mwalimu wake wa mambo haya, nayo ni meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, na mashine zake za mvuke zikabadilishwa kwa dizeli katika miaka ya 1970. Hakuna mhandisi anayeweza kubadilisha mashine ya meli akaishia hapo. Hana budi kutazama tangi, mabomba, upoozaji, mhimili wa rafadha na uwiano wa mizunguko, maana meli ikizimika katikati ya ziwa hakuna kando ya barabara ya kuegesha. Sioni kwa nini lori listahili uangalifu mdogo kuliko huo. Na breki je? Gari linaloongezewa nguvu likatoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 100, nishati ambayo breki zake zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa zaidi ya nusu, ilhali breki ni zilezile.

Sipingi kuongeza nguvu. Yuko mwenye lori anayestahili nguvu zaidi, na injini nyingine zaweza kuzitoa salama. Ninachodai ni utaratibu. Fundi aanze kwa kusafisha chujio la hewa na kukagua mipira iliyopasuka kati ya tabo na injini, kwani mara nyingi nguvu iliyopotea imepotelea hapo. Afunge geji ya kanieneo ya tabo na kipimajoto cha ekzosi. Vitu hivi viwili havihitaji karakana kubwa, na bei yake si ya kulinganishwa na ya injini. Pampu ipimwe kwenye benchi lake, si kwa sikio. Halafu gari lijaribiwe likiwa na mzigo, na mlimani.

Nao walimu wa kidato cha tatu na cha nne, ambao hulalamika kuwa mada ya gesi haina mifano, wawapeleke wanafunzi kando ya barabara ya Kasulu siku yenye magari mengi, wahesabu malori yanayotoa moshi mweusi kwenye tambarare na yanayoutoa mlimani, kisha wakirudi darasani watafute ni lita ngapi za hewa zilizokosekana.